Uzi: Robota la pamba kutoka Haiti hadi Nandete, au kwa nini Maji Maji ni sehemu ya historia ya Mapinduzi ya Viwanda

Kitabu Wazi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Historia ya dunia ya kisasa tumefundishwa kwa mafungu yaliyotengana. Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza yana sura yake, mapinduzi ya watumwa wa Haiti yakibahatika hupewa aya mbili, kugawanywa kwa bara la Afrika kunapewa sura nyingine, na Vita vya Maji Maji vinawekwa mwishoni chini ya kichwa cha upinzani dhidi ya wakoloni. Mwanafunzi hufaulu mtihani wake vizuri kabisa bila kujua kwamba matukio hayo yote yamepita katika mikono ya zao moja. Hoja ninayoileta hapa ni kwamba wazee wa Nandete, katika nchi ya Umatumbi kusini mwa Tanzania ya leo, walioing'oa pamba mwezi Julai 1905 walikuwa wanapambana na mahitaji ya kiwanda ambacho hawakuwahi kukiona, na kwamba vita vyao vinastahili kusomwa katika sura moja na Manchester, Haiti na Aleksandria. Naomba mnivumilie, maana maelezo ni marefu.

Tuanze na jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: pamba haioti Uingereza. Katika karne ya 17 na ya 18 vitambaa bora vya pamba vilitoka India, hasa Bengal, Gujarat na pwani ya Coromandel, na vilipendwa London kiasi cha kuwatia hofu wafumaji wa sufu na hariri. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1700 na tena 1721 za kuzuia vitambaa hivyo. Nyuma ya ukuta huo wa sheria ndipo yalipokuja mashine ya kusokotea ya James Hargreaves, mtambo wa Richard Arkwright uliosukumwa na maji, uliosajiliwa mwaka 1769, na mashine ya Samuel Crompton ya mwaka 1779, kisha mvuke ukachukua nafasi ya mito. Kufikia miaka ya 1830 bidhaa za pamba zilikuwa karibu nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Uingereza iliuza nje. Mkulima wa mtama mvua ikikosekana husubiri msimu mwingine, lakini mwenye kiwanda aliyekopa fedha za kununua mashine hana subira hiyo: pamba isipofika bandarini Liverpool, riba inaendelea kuhesabiwa na mashine zimesimama. Njaa hii ya malighafi ndiyo iliyowatuma watu mbali.

Na hapa ndipo Haiti inapoingia. Saint-Domingue, kama Wafaransa walivyoiita, ilikuwa koloni lenye faida kuliko yote waliyokuwa nayo, ikizalisha sukari, kahawa, nili na pamba kwa jasho la watumwa wapatao 500,000. Mwezi Agosti 1791 watumwa wa nyanda za kaskazini waliinuka na kuchoma mashamba ya miwa. Mwaka 1794 serikali ya mapinduzi ya Paris ikalazimika kutangaza kwamba utumwa umekwisha, na Napoleon alipotaka kuurudisha mwaka 1802 jeshi lake liliteketezwa na homa ya manjano pamoja na wapiganaji waliokwisha kuonja uhuru. Tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines alitangaza taifa huru. Tukio hili lilikuwa na matokeo mawili yanayohusu uzi huu. Kwanza, Napoleon alipoona Saint-Domingue inamponyoka hakuona tena faida ya kushikilia Louisiana, akaiuza kwa Marekani mwaka 1803 kwa dola milioni 15, pamoja na New Orleans, bandari ambayo baadaye ilipakia sehemu kubwa ya pamba ya bonde la Mississippi. Pili, Haiti iliadhibiwa. Mwaka 1825 manowari za Ufaransa zilifika na madai ya faranga milioni 150 kama fidia kwa waliokuwa wamiliki wa mashamba na watumwa. Kiasi hicho kilipunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838, lakini mikopo iliyochukuliwa ili kukilipa iliwabana Wahaiti hadi karne ya 20. Watu waliojikomboa kwa damu yao walitakiwa wajinunue upya, na hilo kwangu ni mojawapo ya madhulumu makubwa ya karne nzima ya 19.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa imepata kinu cha kuchambulia pamba cha Eli Whitney, mwaka 1793, kilichorahisisha kazi ya kutenganisha nyuzi fupi na mbegu. Mtu angedhani mashine inayopunguza kazi ingepunguza pia watumwa. Ilikuwa kinyume. Mwaka 1790 watumwa wa Marekani walikuwa karibu 700,000, na mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Kazi ya kuchambua ilipokuwa rahisi, shamba ndilo lililobaki kuwa kikwazo, na shamba lilijazwa watu waliouzwa kutoka Virginia na Maryland, wakatembezwa kwa minyororo hadi Alabama na Mississippi, familia zikitenganishwa njiani. Kufikia mwaka huo wa 1860 zaidi ya robo tatu ya pamba iliyosokotwa Uingereza ilitoka kwenye mikono hiyo.

Binti Bagamoyo

Mwalimu, shikamoo. Nimefuatilia vizuri, lakini naomba ufafanuzi. Bibi zetu walisimulia habari za nguo ya merikani iliyovaliwa bara yote kabla hata Mjerumani hajaja. Je, pwani yetu ilikuwa ndani ya mzunguko huo wa pamba tangu wakati ule, au tuliingizwa na ukoloni?

Kitabu Wazi

Marahaba, mwanangu. Tulikuwa ndani miaka hamsini kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na mwaka 1837 ubalozi mdogo wa Marekani ukafunguliwa Zanzibar. Wafanyabiashara wakubwa katika njia hiyo walitoka mji mdogo wa Salem, Massachusetts. Meli zao zilileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya New England, na kurudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi.

Naomba tuitazame sandarusi kwa karibu, kwa sababu inaonyesha namna viwanda vilivyoshika mpaka udongo wetu. Ni utomvu wa miti ya kale uliofukiwa ardhini, na watu wa nyuma ya pwani ya Mrima waliuchimba kwa majembe na vijiti, kipande kimoja kimoja, wakauleta sokoni ukiwa bado umeganda mchanga. Salem kulikuwa na kiwanda cha kuuosha na kuuchambua, kisha ukageuzwa vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi. Mchimbaji alilipwa kwa kitambaa. Kitambaa hichohicho kiliendelea na safari vichwani mwa wapagazi hadi Tabora na Ujiji, kikawa posho ya msafara na hongo ya kuwalipa watawala ambao njia ilipita katika nchi zao. Pamba ya kitambaa hicho ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kwa hiyo mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa amevaa kazi ya mtumwa wa Alabama, naye alibeba pembe ambayo ingeishia kuwa vibonye vya piano Connecticut, na njiani angeweza kupishana na watumwa wengine wakipelekwa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Karafuu hizo nazo zilipakiwa katika meli zilezile.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, merikani iliadimika Zanzibar na vitambaa vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi yake. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba pwani yetu ilikuwa imefungamana na mambo ya mbali.

Vita hivyo ndivyo vilivyobadilisha kila kitu. Majimbo ya kusini yaliamini kwamba Uingereza ingelazimika kuyaunga mkono kwa sababu ya pamba. Bandari zao zilifungwa na manowari za kaskazini, na katika majira ya baridi ya mwaka 1862 watu wapatao nusu milioni wa Lancashire, mkoa wa viwanda vya pamba wa Uingereza, na maeneo jirani waliishi kwa misaada kwa sababu viwanda vimesimama. Nalitaja hili kwa heshima: tarehe 31 Desemba 1862, wakiwa katika hali hiyo, wafanyakazi walikutana Manchester na kumwandikia Abraham Lincoln barua ya kumtaka auvunje utumwa kabisa, naye akawajibu mwezi Januari. Hawakuwa wote wa mawazo hayo, kwa maana kulikuwa na miji ya pamba iliyopendelea kusini ishinde ili kazi irudi, lakini mkutano ule ulifanyika na barua ipo. Mwaka huohuo wa 1862, wabunge wa kusini wakiwa wamekwisha kuondoka Washington, Marekani iliitambua Haiti kwa mara ya kwanza, miaka 58 baada ya uhuru wake.

Wenye viwanda walijifunza jambo moja: wasitegemee nchi moja. India ilisukumwa kulima zaidi, hasa Berar, ambako reli ilifuata pamba, na ambako bei ziliposhuka baada ya vita wakulima walibaki na madeni. Ila mfano ulio wazi kuliko yote ni Misri.

Misri ililima pamba ya nyuzi ndefu tangu miaka ya 1820, enzi za Muhammad Ali. Bei ilipopanda wakati wa vita vya Marekani, fedha ziliingia kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, na mtawala wa Misri, Khedive Ismail, aliyeshika madaraka mwaka 1863, akajenga reli, mifereji, madaraja na mitaa mipya ya Cairo. Alikopa London na Paris kwa kutegemea bei ile, na wakopeshaji walimpa kwa masharti ambayo mtu mwenye nafasi ya kuchagua asingeyakubali. Mwaka 1865 vita vilikwisha, pamba ya Marekani ikarudi sokoni, bei ikaanguka, lakini deni halikuanguka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869 kwa sherehe kubwa. Miaka sita tu baadaye Ismail aliuza hisa za Misri katika mfereji huo kwa serikali ya Uingereza, kwa pauni zinazokaribia milioni 4. Mwaka 1876 hazina ilishindwa kulipa, na tume ya wadai wa Ulaya ikakaa Cairo kukusanya mapato ya nchi. Mwaka 1879 Ismail akaondolewa. Kanali Ahmad Urabi, mtoto wa kijijini aliyepanda vyeo jeshini, alipoongoza vuguvugu la kutaka Misri iwe ya Wamisri na bunge liwe na sauti katika bajeti, jibu lilikuwa mizinga ya manowari za Uingereza juu ya Aleksandria tarehe 11 Julai 1882 na kushindwa kwa jeshi lake Tel el-Kebir tarehe 13 Septemba. Urabi alipelekwa uhamishoni Ceylon. Nguvu ya kijeshi ilikuja mwisho. Kabla yake zilitangulia bei ya pamba, mkopo na riba.

Fundi Mitambo

Mkuu, nakubaliana na mengi, lakini naona unaipa pamba uzito kupita kiasi. Ureno na Hispania zilikuwa na watumwa na makoloni kwa karne tatu na hazikupata Mapinduzi ya Viwanda. Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe karibu na juu ya ardhi, mishahara mikubwa iliyofanya mashine ziwe na faida, na mafundi stadi wa vyuma na saa. Je, hayo si ndiyo yaliyoleta kiwanda?

Kitabu Wazi

Ndugu Fundi, hoja yako ina nguvu. Makaa ya mawe na ufundi vinaeleza kwa nini mashine zilibuniwa na kushamiri Uingereza badala ya Lisbon, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani kwamba utumwa peke yake hujenga kiwanda. Lakini makaa ya mawe hayasokotwi yakawa uzi. Swali langu ni lile linalofuata: mashine zikishakuwepo, nani alizilisha, kwa bei gani, na kwa ardhi ya nani? Uingereza isingeweza kulima malighafi hiyo kwenye ardhi yake, wala kupata sufu ya kutosha kuichukua nafasi yake bila kugeuza sehemu kubwa ya nchi kuwa malisho ya kondoo. Kiwanda kilikua kwa kasi ile kwa sababu gharama ya ardhi na ya kazi ilibebwa na watu wengine, waliofukuzwa kutoka ardhi hiyo au walionunuliwa kuifanyia kazi.

Na sasa nije kwetu. Ujerumani ilichelewa kuingia katika viwanda, ilipoingia ilikimbia, na mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vyake vya nguo vilitegemea pamba ya Marekani kama Lancashire ilivyoitegemea kabla ya mwaka 1861. Mwaka 1896 iliundwa kamati ya uchumi wa makoloni, ikiungwa mkono na wenye viwanda, na kazi yake kubwa ikawa kutafuta pamba ya Kijerumani barani Afrika. Mwishoni mwa mwaka 1900 kamati hiyo ilipeleka Togo wataalamu kutoka chuo cha Tuskegee, Alabama, kilichoongozwa na Booker T. Washington. Walikuwa Wamarekani weusi, na kiongozi wa safari aliitwa James Calloway. Watu wa kizazi cha kwanza baada ya utumwa waliletwa kuwafundisha Waafrika kulima zao lilelile lililowatumikisha wazazi wao, na naamini wengi wao walikuja kwa nia njema ya kuwainua ndugu zao.

Zamu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuja mwaka 1902. Chini ya Gavana von Götzen, mpango ulianza katika wilaya ya Dar es Salaam na kusambaa wilaya za pwani ya kusini: kila jumbe afungue shamba la pamba, watu wake wote wapangiwe siku za kulilima, na mapato yagawanywe kati ya chombo cha wilaya, jumbe na waliofanya kazi. Sehemu iliyowafikia wafanyakazi ilikuwa ndogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuipokea. Juu ya hapo kulikuwa na kodi ya kibanda, kazi za barabara, na kiboko cha askari wa akida. Siku za pamba ziliangukia siku ambazo mkulima wa Matumbi alitakiwa kuwa shambani kwake akipalilia mpunga na mtama na kuulinda usiliwe na nguruwe na ndege. Aliyekosa kulinda hana chakula mwakani.

Kinjikitile Ngwale alikuwa Ngarambe, akiwapa watu dawa ya maji na neno la kuungana. Masimulizi yaliyokusanywa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 yanasema kwamba huko Nandete wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, pamoja na mwanamke aitwaye Nantabila Naupunda, waling'oa mashina machache ya pamba katika shamba la serikali. Hawakulifyeka shamba zima wala kulichoma. Mashina hayo machache yalikuwa tangazo la vita, na kila mtu, pamoja na akida wa Kibata, alielewa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi huo maelfu walivamia boma la Mahenge na kukutana na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Baadaye jeshi la Wajerumani lilichoma maghala na mazao yaliyo shambani kwa makusudi ili njaa imalize kazi. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000 waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wametaja kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Mwana wa Ruvuma

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sisi watu wa Songea tunaona pamba inatumeza. Ungoni hakukuwa na mashamba ya pamba ya kusemwa. Babu zetu walipigana kwa sababu utawala wao ulivunjwa tangu boma lilipojengwa Songea mwaka 1897. Walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano aliyefuata, hawakufa kwa ajili ya pamba.

Kitabu Wazi

Ndugu yangu wa Ruvuma, unasema kweli na nakushukuru. Maji yaliletwa Ungoni na Omari Kinjala, na yaliwakuta watawala wenye majeraha yao wenyewe: ushuru na utumishi waliokuwa wakivipata kwa watu waliowatawala vilikuwa vimekatwa, na heshima ya nkosi, yaani mfalme wa Wangoni, imeshushwa mbele ya askari. Vita vilivyounganisha watu wa makabila mengi kutoka Kilwa hadi Ungoni haviwezi kuwa na sababu moja. Ninachokitetea ni kwamba cheche iliwaka mahali ambapo mahitaji ya viwanda yaliingia moja kwa moja katika ratiba ya siku ya mkulima, na kwamba serikali yenyewe ililitambua hilo. Mashamba ya jumbe hayakuendelea baada ya vita, na Gavana Rechenberg, aliyemfuata Götzen mwaka 1906, alielekea zaidi kwenye kilimo cha mwananchi mwenyewe. Wafu wa Umatumbi, Uzaramo na Ungoni waliilazimisha Berlin ibadili mwenendo, na hilo linawahusu babu zako sawasawa na wa Nandete.

Mkulima wa Shinyanga

Nauliza swali la mkulima. Sisi Wasukuma tumelima pamba kwa kizazi baada ya kizazi na tumejenga nyumba na kusomesha watoto kwa pamba. Kama zao lenyewe ni la dhuluma, tulikosea wapi?

Kitabu Wazi

Hamkukosea, ndugu yangu, na swali lako linakaza hoja nzima. Msukuma alilima shamba lake mwenyewe, akachanganya pamba na mtama na mihogo, na fedha ikaingia nyumbani kwake. Amri hazikukosekana: Waingereza walikuja na sheria nyingi za matuta, mifugo na kilimo, na zilichochea upinzani uliofikia kilele chake Geita mwaka 1958. Lakini ugomvi mkubwa wa mkulima wa Usukuma ulihusu mizani. Alipeleka pamba kwa mnunuzi, mnunuzi akasoma uzito anaoutaka, na mkulima hakuwa na njia ya kuhakiki. Kutokana na malalamiko hayo wakulima waliweka watu wao wa kupima pamba upya pembeni mwa soko, na kutoka hapo vikazaliwa vyama vya ushirika ambavyo Paul Bomani aliviunganisha. Mwaka 1955 shirikisho la Victoria likaanzishwa, na katika miaka michache likawa na vinu vyake vya kuchambulia na kununua pamba ya kanda nzima ya ziwa. Ndiyo maana kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, mara hii na serikali yetu wenyewe, kuliwauma watu wa kanda yenu kwa kiasi ambacho ofisi za Dar es Salaam hazikukielewa: aliyekuwa ameshika mizani kwa mkono wake alirudishwa kuwa mpeleka mzigo, akisubiri kuambiwa bei.

Zao ni lilelile alilolima mtumwa wa Mississippi, fellahi (mkulima wa kijijini) wa Misri na mtu wa Nandete. Kilichotofautiana ni nani alipanga siku za kazi, nani alisoma uzito, na deni liliandikwa kwa jina la nani. Wenye kumbukumbu za wazee wa ushirika wa Mwanza na Shinyanga, hasa wale waliopima pamba katika miaka ya 1950, naomba waendelee kuchangia hapa chini.